Mkono wa Nassoro

Shangazi Mwanahawa, saa 1:40 usiku
Assalamu alaykum jamaa zangu. Nimetoka Ngamiani kumwangalia Nassoro. Nimemkuta anakunywa uji, kikombe amekishika kwa kushoto, na kila alipotaka kujigeuza mkekani aliunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza mapajani kama mtu anayemhamisha mtoto aliyesinzia. Vidole vinacheza, lakini bega halinyanyuki na kiwiko hakikunjiki. Hii ni wiki ya tisa tangu aanguke na pikipiki barabara ya Pangani. Naomba tushauriane kama apasuliwe au tusubiri.

Mjomba Hamza, saa 1:52
Waalaykumu salaam shemeji. Rai yangu ni kusubiri, kwa kuwa mfupa haukuvunjika, na yuko mzee wa kukanda aliye tayari kuja. Kumpasua kijana shingoni si jambo dogo.

Mama Rehema, saa 2:10
Shikamoo kaka. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na wagonjwa wa namna hii nimewashika kwa mikono yangu, kwa hiyo niwie radhi nikipingana nawe. Kilichoumia ni mishipa ya fahamu inayotoka shingoni, ikapita nyuma ya mtulinga na kuuamrisha mkono wote. Alipoanguka, bega lilivutwa huku na kichwa kikaenda kule, na mishipa ya juu ikabeba mvuto wote. Mshipa uliovutika tu huweza kurudi wenyewe. Uliokatika, au uliong'oka kwenye uti wa mgongo, haurudi kwa kukandwa.

Ninachokiogopa ni siku. Mshipa uliotengenezwa huota takriban milimita 1 kwa siku, na wakati huo msuli usiopata amri unanyauka, hata ukipita mwaka mmoja na nusu hivi, mshipa hufika ukakuta msuli hauwezi tena kuupokea. Ndiyo maana madaktari hupenda kupasua na kuunga mshipa mwingine palipokatika kabla ya miezi sita kutimia.

Mjomba Hamza, saa 2:21
Na huo mshipa wa kuunga wanautoa wapi?

Mama Rehema, saa 2:34
Mara nyingine huchukua mshipa wa nyuma ya mguu, na mgonjwa hubaki na ganzi kidogo pembeni mwa unyayo. Ila kwa kuwa vidole vya Nassoro ni vizima, ipo njia ninayoitumainia zaidi, aliyoieleza daktari Christophe Oberlin wa Ufaransa mwaka 1994: huchukua uzi mmoja tu wa mshipa unaokwenda kiganjani na kuuunganisha na ule wa msuli unaokunja kiwiko, hapo hapo kwenye mkono wa juu, hivyo safari ya kuota inakuwa fupi. Miezi ya mwanzo atalazimika kufumba ngumi ndipo kiwiko kikunjike, mpaka ubongo uzoee njia mpya. Nilipouona kwa mara ya kwanza msuli wa mgonjwa ukitetemeka chini ya kidole changu, nililia. Siahidi mkono wa zamani. Natumaini mkono utakaofikisha tonge kinywani.

Nassoro, saa 2:41
Mama mdogo, usiku mkono unaungua kama umewekwa juu ya makaa. Je, upasuaji utayaondoa maumivu hayo?

Mama Rehema, saa 2:47
Mwanangu, hayo ni maumivu ya mishipa yenyewe, na upasuaji si lazima uyamalize. Zipo dawa zake maalumu, kwa hiyo mweleze daktari bila kuficha. Mkono uendelee kuukalisha kwenye kitambaa cha shingoni, na kila siku mama akukunje na kukunyooshea viungo taratibu visikakamae. Asikuvute mtu yeyote.

Mjomba Hamza, saa 3:02
Nimeelewa, na mzee wa kukanda nitamwomba asije. Kesho asubuhi nitampeleka Nassoro hospitali ya Bombo tuombe barua ya rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Nauli ya watu wawili mpaka Dar es Salaam naitoa mimi.

Shangazi Mwanahawa, saa 3:05
Basi mimi nitafuatana naye. Nassoro, zile picha za shingo ulizopigwa mwanzo zitafute usiku huu huu.