Visindano vya upara: vibaki kwa daktari au kila mtu ajichome mwenyewe?

Wakuu, naleta hili tubishane kistaarabu. Upara wa kurithi, ule wa paji kupanda na utosi kuanza kung'aa, siku hizi kila ukiuliza unaambiwa nunua dermarola, karola kenye visindano, jichome kichwani halafu paka minoksidili, ile dawa ya kuotesha nywele. Mimi nasema visindano virefu vibaki kwa daktari, visiuzwe hovyo kama vitana.

Wote mnashikilia utafiti wa India wa 2013. Wanaume 100, wiki 12, nusu walipaka minoksidili ya asilimia 5 peke yake, nusu wakapaka na kuchomwa mara moja kwa wiki kwa sindano za milimita 1.5. Waliochomwa wakaongeza wastani wa nywele 91 kwenye eneo lililohesabiwa, wenzao 22. Namba tamu, sikatai. Ila wale walichomwa kliniki na baada ya hapo wakakaa saa 24 bila kugusa dawa, nyie mnachoma damu inachuruzika mnamwagia dawa hapohapo, tena dawa ambayo asili yake ni kidonge cha presha! Ikiingia nyingi kwenye damu ndo moyo unaanza kwenda mbio, kizunguzungu, unabaki kujiuliza umerogwa na nani.

Mchangiaji 1: Mkuu hapo unatisha watu bure. Nyembe zinauzwa kila mahali na hakuna anayedai cheti, mfundishe mtu asafishe kwa spiriti, asiazimane na mtu, avitupe vikianza kupinda, basi. Sio kila mtu ana hela ya kliniki kila wiki.

Mchangiaji 2: Nyote mmechelewa, vinakuja viraka vya visindano vinavyoyeyukia ndani ya ngozi vikiwa vimebeba dawa, huchuruziki damu wala nini.

Mleta mada: Viraka navijua, ni wazo zuri sana, ila nyingi ya hizo picha mnazosambaza ni za panya walionyolewa mgongo. Panya nywele zake zinaota kwa mawimbi na hana huu upara wetu unaoletwa na homoni ya DHT, kwa hiyo mgongo wake kujaa manyoya sio utosi wako. Na wewe wa nyembe, wembe unapita juu ya ngozi, hii kitu inaitoboa mamia ya mara kwa dakika, unalinganishaje?

Mchangiaji 1: Kwa hiyo hata za nusu milimita unakataza?

Mleta mada: Hizo fupi sina ugomvi nazo.