Naomba ushauri: kutengeneza vidio za masomo kuhusu mazingira ya shule yetu

Wakuu, naomba mawazo yenu. Nafundisha jiografia. Vidio nyingi za mmomonyoko wa udongo zilizoko mtandaoni zinaonyesha mabonde ya mbali, ilhali korongo lililo nyuma ya uwanja wetu linazidi kupanuka kila msimu wa mvua. Nataka wanafunzi walipige picha kila baada ya mvua kubwa, tena wakiwa wamesimama palepale (la sivyo picha hazilinganishiki), wawahoji wazee wanaolima jirani, kisha tutengeneze somo fupi lenye sauti zao.

Intaneti si ya kutegemea. Nimesoma kuhusu Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa kwa vifaa vingine kupitia mtandao wa ndani, na unaweza kuongeza maudhui yako. Kwa aliyewahi kuitumia: kompyuta ya zamani inamudu darasa zima, au vidio zinakwama? Nishushe ubora hadi 480p?

Linaloniumiza kichwa zaidi ni ridhaa. Mzee akikubali kurekodiwa kwa ajili ya darasa, hajakubali sauti yake isambae kila mahali, na leseni ya Creative Commons (ile inayoruhusu watu wengine kunakili na kusambaza kazi yako) ukishaitoa huwezi kuibatilisha. Kwa mtu asiyejua kusoma mnafanyaje? Akitamka ridhaa yake kwa mdomo nasi tukairekodi, inatosha?

Halafu mkuu wa shule anauliza haya yote yataingiaje kwenye mtihani. Binafsi naona swali hilo limewahi mno, ila lazima nimjibu. Ninyi mliwajibu vipi wakuu wenu?