Kupitisha mafaili mawili kwenye fanksheni ili kupata muda wa kuchelewa kwa mawimbi

Swali
Wakuu, nina mik1.csv na mik2.csv: maikrofoni mbili zilizo umbali wa sentimita 50, sampuli 48,000 kwa sekunde. Safu ya kwanza ni muda, ya pili ni thamani. Fanksheni ya Python inakataa nikiipa majina ya mafaili. Nikizibandika namba kwa mkono, jibu ni 0 kila mara.

Jibu 1
Jina la faili ni maandishi tu. Lazima lifunguliwe kwanza (np ni numpy, signal ni scipy.signal, fs ni idadi ya sampuli kwa sekunde):

```
def chelewa(f1, f2, fs):
    a = np.loadtxt(f1, delimiter=',', skiprows=1, usecols=1)
    b = np.loadtxt(f2, delimiter=',', skiprows=1, usecols=1)
    a = a - a.mean()
    b = b - b.mean()
    c = signal.correlate(b, a)
    k = signal.correlation_lags(len(b), len(a))
    return k[np.argmax(c)] / fs
```

Ile 0 inatokana na wastani ambao haukuondolewa. Kama namba zako zinacheza karibu na 2048, korelesheni (kipimo cha jinsi mawimbi mawili yanavyofanana kwa kila kiasi cha kuchelewa) inageuka pembetatu kubwa yenye kilele katikati, yaani kwenye 0, na kilele halisi kinafunikwa kabisa. Jibu likiwa chanya, mik2 ndiyo iliyochelewa.

Jibu 2
Ongeza ukaguzi, mkuu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo sentimita 50 haziwezi kuzidi milisekunde 1.46, yaani sampuli 70. Tafuta kilele ndani ya -70 hadi 70 tu.

Muulizaji
Sampuli 23, milisekunde 0.479. Asanteni sana!