Tupeane uzoefu: ni nini kilikutoa nyumbani ukahiji kwa miguu?

MamaKadutu (Bukavu)
Wapendwa, nianze mimi. Wakati wa vita vya 1996 tulikimbia Bukavu kwa miguu, na mama yetu akaweka nadhiri njiani: tukirudi sote wazima, atahiji Kibeho, kule Rwanda, kwa miguu hiyohiyo. Tulirudi sote. Lakini kwanza njia zilikuwa mbaya, kisha magoti yakamkatalia, hadi Mungu akamwita. Kila 28 Novemba, siku Bikira Maria alipoanza kuwatokea wasichana wa shule pale mwaka 1981, alikuwa akisema: "Deni langu lipo."

Mwaka 2018 nikaenda kulilipa. Tulikuwa akina mama saba wa jumuiya moja. Tulivuka mto Ruzizi, mpakani, asubuhi, basi likatupitisha msitu wa Nyungwe, tukashukia Huye. Kutoka pale ni miguu tu. (Kuna atakayesema basi limeharibu nadhiri. Mimi naamini Mama Maria hahesabu hivyo.) Mfukoni nilibeba kandambili za mama, zile za bluu, kisigino kimelika upande mmoja, alama ya kidole gumba imebonyea. Tulisali Rozari ya Mateso Saba, Salamu Maria saba kwa kila teso, na vilima vya kule haviishi. Kilima cha mwisho nikavua viatu vyangu, nikavaa zake. Zilinibana. Nililia mpaka mwenzangu akanishika mkono. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nataka: kutembea na mama tena, safari hii bila risasi nyuma yetu.

Mtaani walinisema: baada ya yote tuliyopitia, unavuka mpaka kwenda kusali kule? Niliumia. Lakini Kibeho nayo imemwaga damu, 1994 na tena 1995, na bibi mmoja pale barabarani alitupa maji bila kutuuliza tunatoka wapi.

Na ninyi?

MwanaKatuba (Lubumbashi)
Yangu ni fupi, Mama. Nilikuwa nafanya kazi Masaka, Uganda, nimeacha pombe miezi miwili tu, na jioni zilikuwa zinanitisha. Nikaungana na watu wanaokwenda Namugongo kwa sikukuu ya 3 Juni, alipochomwa Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani, mwaka 1886. Ukitembea kutwa, jioni unalala. Sababu yangu ndiyo hiyo. Anayejiandaa: paka mafuta ya mgando kwenye nyayo kabla ya soksi, na usivae kiatu kipya.

JiweLaGoma (Goma, sasa Ubelgiji)
Shikamoo Mama. Mimi kanisani ni mtu wa Noeli na Pasaka. Lava ya mlima Nyiragongo ya 17 Januari 2002 ilimeza nyumba yetu, na ilipopoa baba akavunja kipande mahali ulipokuwa mlango. Nilipoondoka akanipa. Ni chepesi, kina matundu kama mkate, kinakwaruza kiganja.

Baba alifariki nikiwa sina makaratasi ya kunirudisha. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha inakatika. Mwaka uliofuata nikatembea kutoka León hadi Santiago de Compostela, kule Hispania, zaidi ya kilomita 300, kwa sababu njiani kuna Cruz de Ferro: mlingoti mrefu, juu yake msalaba wa chuma, chini rundo la mawe ambayo mahujaji wameyatoa makwao. Matanga ya baba nilitaka kuyamalizia pale.

Niliweka jiwe. Nikashuka hatua kama hamsini. Kati ya mawe yote yale lilikuwa jeusi peke yake, na sikuweza. Nilirudi nikalichukua.

MamaKadutu
Marahaba, mwanangu. Pole sana. Na sasa liko wapi?

JiweLaGoma
Dirishani, Mama. Makaratasi nimeyapata mwaka huu. Nikipewa likizo nitapitia Kigali, nivuke pale Gisenyi kwa miguu. Kutoka mpakani hadi kwenye kaburi la baba si mbali, nalo nitalishika mkononi.