Spacio NZE121: bolti ya kontroli amu ya kushoto inagota giaboksi, nimekwama nusu ya kazi

MkungaWaChuno (Jumamosi, saa 11 jioni)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa haraka. Gari liko juu ya stendi uani kwangu hapa Chuno, Mtwara mjini, na Jumatatu saa moja usiku naingia zamu. Kituo ninachofanyia kazi kiko nje ya mji, na bodaboda ya saa hizo siipendi.

Gari ni Toyota Corolla Spacio, lile umbo la pili, NZE121, otomatiki. Tangu mwezi uliopita mbele linagonga ko-ko-ko nikipita tuta au kijishimo. Nikishika breki usukani unavuta kushoto. Tairi za mbele zimelika upande wa ndani hadi nyuzi zinakaribia kuonekana. Shemeji yangu alipenyeza bomba kati ya kontroli amu (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu kwa chini) na krosimemba (chuma kipana cha chini ya gari kinachobeba amu) akatikisa, bushi ya nyuma (mpira wa pale amu inapofungwa) ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mpira umechanika karibu mzunguko mzima.

Kinachoniuma ni kwamba kontroli amu hizi si za zamani. Zilifungwa miezi saba iliyopita kwenye gereji moja hapa mjini, mpya, nilizitoa kwenye boksi mwenyewe. Ni kweli kila mwezi naenda Newala mara mbili kumwona mama, na ukishaipita Mnivata kuelekea Tandahimba kuna michepuko ya ujenzi inayotesa gari. Lakini miezi saba?

Safari hii nikasema nafunga mwenyewe. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori ya korosho, nimemshikia tochi tangu niko darasa la nne, na spana nazijua kwa namba. Nimeagiza jozi mpya Kariakoo, imekuja na basi.

Leo upande wa kulia umetoka kwa saa moja na nusu. Kushoto nimefungua zile tatu za boljointi, kiungo cha amu na gurudumu (soketi ya 17), bolti ya nyuma ya amu imetoka (ya 19), na ya mbele imelegea kabisa, naizungusha kwa vidole. Inatoka nusu, halafu kichwa chake kinagota giaboksi. Imebakiza kama sentimita tatu tu. Nimejaribu kuinamisha amu, kusukuma, kuvuta, hakuna njia.

Shemeji anataka kuleta grinda tukate. Mimi sijakubali bado. Je, kuna njia nyingine? Na kwa nini zile za kwanza zimekufa mapema hivi?

KijanaWaMnazimmoja (Jumamosi, saa 12:20 jioni)

Pole dada. Huku kwetu Lindi nimeona wanaikata kwa grinda, amu inatoka dakika kumi. Wakati wa kurudisha wanaweka bolti fupi kidogo. Nimeona magari mawili yamefanyiwa hivyo na yanatembea.

FundiMzeeMikindani (Jumamosi, saa 2 usiku)

Mwanangu mkunga, mwambie shemeji aweke hiyo grinda chini.

Wewe kijana wa Mnazi Mmoja, nakuuliza kwa wema: akishaikata, mpya ataiingizia wapi? Giaboksi iko palepale. Ile bolti inafungwa kwenye nati iliyochomelewa ndani ya krosimemba, na urefu wake haukuwekwa kwa bahati. Ukiweka fupi, inashika nyuzi chache. Siku nyuzi hizo zikikatika, amu inachomoka na tairi linalala chini ya bodi. Nimeshalivuta gari la namna hiyo kutoka Mpapura hadi mjini, dereva alikuwa hai lakini hakuweza kuongea.

Mwanangu, hujakosea popote. Corolla za umbo hilo zenye giaboksi ya otomatiki ndivyo zilivyo, upande wa kushoto bolti ya mbele haina nafasi ya kutoka. Kitabu cha Toyota kinasema teremsha krosimemba. Njia hiyo ni sahihi lakini kwa uani kwako siipendekezi, kwa sababu reki ya usukani (inayogeuza magurudumu) imekaa juu ya hiyo hiyo krosimemba. Itabidi uachanishe shafti ya usukani, na usukani ukizunguka wenyewe wakati huo, ule utepe wa waya wa airbag ulio nyuma yake unakatika.

Wewe pandisha giaboksi. Toa betri na sahani yake, chini yake utaiona mauntingi ya kushoto inayobeba giaboksi. Kabla ya kuigusa, weka jeki chini ya giaboksi na juu ya jeki ubao mpana. Ubao ukae penye chuma kinene cha ukingo, usikae kwenye lile sinia la mafuta, maana ni bati na litabonyea. Pandisha mpaka jeki ianze kubeba uzito. Hapo ndipo ufungue bolti za mauntingi ya kushoto, na ulegeze zile ndefu za mauntingi ya mbele na ya nyuma. Kisha pandisha taratibu, nusu sentimita, angalia, nusu sentimita, angalia. Macho yawe kwenye mipira ya rejeta, nyaya na feni. Ikipanda sentimita tatu hadi tano bolti inapita.

Jambo jingine. Hapo ulipoachanisha boljointi usiliache gurudumu livutwe nje, shafti inayozungusha gurudumu itachomoka ndani ya sivi jointi (kiungo chake). Lifunge kwa kamba kwenye springi.

Sasa nijibu swali langu: hizo za miezi saba, walipokaza bolti zake za mwisho, gari lilikuwa limekaa chini kwa tairi zake au lilikuwa linaning'inia?

MkungaWaChuno (Jumamosi, saa 2:45 usiku)

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Gurudumu nimeshalifunga kwa kanga ya zamani.

Nilikuwepo, nilikaa kwenye benchi muda wote. Gari lilikuwa juu, tairi hazipo, akakaza zote kwa ile mashine ya upepo. Kisha akafunga tairi, akateremsha, akaniambia tayari mama. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilisifu alivyofanya haraka.

FundiMzeeMikindani (Jumamosi, saa 3:10 usiku)

Marahaba mwanangu. Basi jibu lako la pili ndilo hilo.

Bushi si beringi, haizunguki. Ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma nje na bomba jingine dogo ndani. Ukikaza bolti, lile bomba la ndani linabanwa na krosimemba, halisogei tena. Amu ikipanda na kushuka, anayejikunja ni mpira. Sasa ukikaza gari likiwa linaning'inia, amu imeelekea chini. Ukiliteremsha, amu inapanda hadi mahali pake pa kila siku, na mpira unabaki umesokotwa. Gari limeegeshwa, umelala, mpira umesokotwa. Ukipiga shimo la Mnivata unasokotwa zaidi ya uwezo wake. Unachanika. Miezi saba mbona umejitahidi.

Kwa hiyo amu mpya zipachike, bolti uzikaze za kushika tu. Za boljointi unaweza kuzimaliza hapo hapo, hazihusiki. Kisha gari likae kwa tairi zake, lisukumwe juu chini mara kadhaa, ndipo ulale chini ukaze bolti za bushi. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki pekee, hata kama ni dakika moja. Nakusihi. Matofali ya simenti nayo usiyaamini, yanapasuka bila kutoa taarifa.

MwalimuFizikia_Lindi (Jumamosi, saa 4 usiku)

Dada, naongezea la vipimo. Bolti za kontroli amu za gari lako zinataka nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 137, na zile tatu za boljointi 89. Nati za tairi 103. Najua spana ya kupimia nguvu si kila nyumba ipo, ila huku Kusini kila nyumba ya pili ina mizani ya ndoano ya kupimia korosho au samaki. Inatosha.

Chukua bomba, livalishe kwenye mpini wa spana. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya kichwa cha bolti hadi sentimita 70, weka alama, funga kamba hapo. Ndoano ya mizani iingie kwenye kamba. Vuta ukiwa umenyooka pembe mraba na bomba. Mizani ikisoma kilo 20 umefika 137. Boljointi weka alama ya sentimita 45, kilo 20 hizo hizo, umefika 89 au karibu sana. Nati za tairi ni sentimita 52 na nusu. Vuta polepole, maana ukivuta kwa mshtuko mizani inadanganya.

MkungaWaChuno (Jumamosi, saa 4:15 usiku)

Mwalimu, umenifungua macho. Kliniki tunapimia watoto kwa mizani ya kuning'iniza ya kilo 25, ya namna hiyo hiyo, lakini ile ni ya watoto, haiguswi. Shemeji anayo yake ya korosho. Kesho baada ya chai tunaanza.

KijanaWaMnazimmoja (Jumapili, saa 1:30 asubuhi)

Mzee, nimekuelewa, nafuta kauli yangu. Moja ya yale magari mawili ni la kaka yangu. Leo nampigia asilitembeze.

MkungaWaChuno (Jumapili, saa 1 usiku)

Wakuu, imeisha. Naandika kwa mpangilio ili mwingine mwenye Spacio akikwama asianzie nilipoanzia mimi.

Betri na sahani yake vimetoka bila shida. Bolti za mauntingi ya kushoto zilikuwa na kutu ngumu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akiishi Shangani karibu na maji, na chumvi ya bahari imekula kila kitu cha upande ule. Tulizipulizia dawa ya kutu, tukanywa chai, tukapuliza tena, zikalegea moja moja. Hapa ndipo asubuhi yote ilipokwenda, na sijutii, maana moja ingekatikia ndani leo ningekuwa naandika mengine.

Ubao tuliotumia ni wa mninga, kipande cha mlango wa zamani. Tulipandisha giaboksi kidogo kidogo, shemeji anapampu jeki, mimi nimeshika tochi naangalia mpira wa rejeta. Tulipofika kama sentimita nne bolti ikapita kichwa chake kikikwaruza kidogo. Niliishika mkononi, nikakaa chini mchangani, nikamkumbuka baba.

Jambo ambalo mzee hakulitaja lakini nimeligundua: amu mpya ipachikwe na bolti ya mbele iingizwe kabla hujateremsha giaboksi. Sisi tulikuwa karibu kuiteremsha ili tupumzishe jeki. Bolti niliisugua kwa brashi ya waya, nikaizungusha kwa vidole mpaka ikashika nyuzi za kutosha, ndipo tukateremsha na kurudisha mauntingi.

Kukaza ndiko kulikonisumbua akili. Gari likiwa chini kabisa siingii. Tulipanga mbao nne nne nene chini ya kila tairi la mbele, tukateremsha gari likakaa juu yake, tairi za nyuma tukaziwekea magogo ya mkorosho mbele na nyuma, hendi breki juu, gia kwenye P. Shemeji na mwanawe wakalisukuma juu chini pale mbele kama mara kumi. Nikaingia chini na stendi nikazisimamisha pembeni yangu hivyo hivyo, hata kama hazibebi kitu. Sentimita 70, kilo 20, bolti nne. Ya mwisho mizani iliposoma 20 shemeji alipiga kelele za furaha hadi jirani akachungulia.

Amu za zamani nimezikata bushi kwa msumeno ili nione. Mzee wangu, ni kama ulivyosema. Mpira umechanika kwa mshazari, upande mmoja tu, kama nguo iliyokamuliwa. Zote mbili, kulia na kushoto, mchano uleule. Nimezihifadhi. Kesho kutwa nitampelekea yule fundi wa gereji, si kwa ugomvi, nataka azishike kwa mkono wake, kwa sababu kuna wenzangu watatu kazini wanaopeleka magari kwake.

Nimezunguka Chuno hadi Ligula na kurudi. Mlio umekwisha. Breki nikishika linasimama limenyooka. Ila usukani umekaa pembeni kidogo, na tulipopima kwa futi kamba kati ya tairi za mbele, kwa mbele zimeachana milimita 5 zaidi kuliko kwa nyuma.

FundiMzeeMikindani (Jumapili, saa 1:40 usiku)

Hongera mwanangu. Kuhusu kuingiza bolti kabla ya kuteremsha, umenisahihisha, ilipasa niiseme.

Hizo milimita 5 usizipuuze, tairi zitalika tena upande wa ndani. Kazini kesho nenda taratibu, Newala usiende. Jumanne piga alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi) kwenye mashine, na uwaambie amu ni mpya ili wasikimbilie kukuuzia vitu. Baada ya wiki mbili lala tena chini na mizani yako, pitia bolti zote nne.

MkungaWaChuno (Jumapili, saa 1:50 usiku)

Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, mzee wangu. Mbao nazihifadhi, mizani imerudi kwa shemeji. Mama nimempigia, nimemwambia Newala ni wiki ijayo, amesema atanisubiri na ming'oko.