Tupeane uzoefu: folda za pamoja zilizogoma baada ya kuhamia Windows 11

Fundi wa Kanyenye
Wakuu, salaam kutoka Tabora mjini. Tangu Windows 10 ifikie mwisho wa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, ofisi nyingi huku zinahama, na simu ninazopigiwa ni za aina mbili: folda ya pamoja haifunguki kabisa, au inafunguka ila faili zinaleta mauzauza. Msizichanganye.

Langu ni la aina ya kwanza. Steshenari moja ina kisanduku cha kuhifadhia data, miaka yote kinaingiwa bila paswedi. Kompyuta ya kwanza kupanda toleo la 24H2 la Windows 11 ikagoma, za zamani zinaingia kama kawaida. Mwenye duka akaanza kuulizia bei ya kisanduku kipya! Kumbe toleo hilo, kwenye Windows Pro, halimruhusu "mgeni" (anayeingia bila akaunti) kuingia, tena linataka mawasiliano ya SMB, yaani njia ya Windows ya kushirikiana faili kwenye mtandao, yawe na saini ya kuthibitisha hayajachezewa. Mgeni hana paswedi, saini ataitoa wapi? Nikafungua akaunti yenye paswedi kwenye kisanduku, nikaiweka kwenye kila kompyuta, kazi ikaendelea. Wapo wanaozima hayo masharti kwa amri ya PowerShell. Inakubali, lakini duka ambalo kila mteja anachomeka flashi yake mimi silizimii kitu.

Leteni yenu. Nawasilisha.

Karani Urambo
Yetu aina ya pili. Chama cha msingi, msimu wa tumbaku. Kompyuta ya mizani inaandika faili ya kila robota, yangu inaisoma na kutoa risiti. Tulipobadilishiwa kompyuta, yangu ikawa inasema faili haipo, na mwenzangu wa mizani anaiona kabisa! Mkulima kasimama dirishani anahisi anaibiwa. Nikingoja kidogo nikirudia, ipo.

Mzee wa Kodi
@Karani, kodi za jina langu ni za kompyuta, siyo za TRA 😀. Programu yako inauliza mapema mno. Windows ikijibiwa na seva kuwa faili haipo, hulikumbuka jibu hilo kwa sekunde 5, na orodha ya folda kwa sekunde 10, ili isiisumbue seva. Nahisi kompyuta ya zamani ilikuwa nzito, ikichelewa kuuliza inakuta faili imeshafika. Mpya ina haraka. Kuna thamani kwenye Rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) inaitwa FileNotFoundCacheLifetime, upande wa LanmanWorkstation. Ikiwekwa sifuri, kusahau kunakuwa papo hapo. Pia mizani iandike kwa jina la muda, ikimaliza ndipo ibadilishe jina, usije ukasoma robota nusu.

Na kwa wanaoandika programu: ukiomba kusoma bila kusubiri, Windows ikakurudishia namba 997, hilo si kosa. Kazi bado inaendelea. Kwenye diski ya ndani data mara nyingi inakuwa tayari kwenye kumbukumbu, jibu linakuja hapohapo, kwa hiyo mtu anazoea kuigusa bafa (sehemu ya kumbukumbu inapowekwa data) bila kungoja taarifa ya kumaliza. Siku faili zikihamia kwenye seva anasoma takataka, halafu analaumu apdeti.

Nzega Ndogo
Sisi ni skana ya mashine ya fotokopi. Inajua SMB ya kwanza tu, na hiyo haiwekwi tena kwenye Windows mpya tangu 2017, mwaka uleule kirusi cha WannaCry kilipopenya humohumo. Tumeihamishia FTP, njia nyingine ya kutuma faili. Hatukuirudisha SMB1 ingawa fundi mmoja alishawishi sana.

Karani Urambo
@Mzee nimeweka sifuri, risiti zinatoka. Jina la muda namsubiri aliyetuuzia programu, hapokei simu.

Kijana wa Cheyo
Kwetu tulilaumu apdeti wiki nzima, kumbe kebo imetafunwa na panya nyuma ya kabati.

Fundi wa Kanyenye
@Cheyo 😂 Ndiyo maana naanza na kebo na swichi ya mtandao kwanza. Halafu, folda ikiwa inafunguka, naandika Get-SmbConnection kwenye PowerShell nione ni toleo gani la SMB na akaunti ipi inatumika. @Karani, hiyo faili ya mizani ni ya Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft) au maandishi ya kawaida? Kama ni Access nina maswali mengine.