Mama mkwe wangu SI mwizi wa mayai! Hoteli ile imenidhalilisha

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Niko kibarazani, wanangu wamelala, mke wangu haongei na mimi tangu asubuhi. Hoteli siitaji. Mnaijua. Ile ya ukanda wa Paje, ya taulo kukunjwa kama bata kitandani halafu sabuni saizi ya biskuti.

Nimejinyima mwaka mzima kwa ajili ya likizo hii. Mimi, mke, watoto watatu na mama mkwe aliyetoka Singida kwa basi, tangu azaliwe hajaiona bahari. Boti imemtapisha kutoka Dar hadi bandari ya Malindi, Unguja, na hakulalamika. Kitenge kipya, pochi yake nyeusi ya harusini kwapani.

Leo asubuhi bufee. Mama amekula kistaarabu kabisa, chapati, papai, chai. Halafu akachukua mayai mawili ya kuchemsha, akayafunga kwenye tishu na kuyatia kwenye pochi, mjukuu wake mdogo akiamka asilie njaa. Mayai MAWILI.

Ndipo akaja YULE. Mliofika mnamjua, msimamizi wa mgahawa, tai inaishia kifuani, anatembea utadhani sakafu kaachiwa na babu yake. Akapita meza ya Wazungu wanaojaza ndizi kwenye vikapu vya ufukweni, akawachekea. Akafika kwetu. Akainama. Akanyoosha kiganja.

"Mama, naomba mayai."

Wakuu! "Mama, naomba mayai." Mgahawa wote kimya. Kunguru kimya. Bahari yenyewe kwa aibu ilirudi nyuma kilomita nzima na hadi sasa haijarudi.

Na zipu ya pochi ikakwama. Ile zipu ina kutu. Mama anavuta, inagoma, anavuta, na mkono wa yule bwana umenyooka pale pale mbele ya wanangu. Likatoka yai la kwanza. Likatoka la pili, limepasuka, na yule akaligeuza juani kama anakagua noti bandia.

Mtu ana kuku sitini uani kwake! SINGIDA wakuu! Amwibie nani yai?

Sasa kakaa kitandani kakumbatia pochi, anataka apandishwe basi arudi kwao. Basi la kutoka kisiwani linapita wapi? Hoteli hiyo isiendwe na mtu. Nawasilisha.

Kiroboto wa Tandika: Pole mkuu. Swali dogo tu kabla sijakasirika na wewe. Mayai alichukua au hakuchukua?

Mwenye uzi: Hiyo si hoja! Nimelipia watu sita!

Ngosha: Umelipia watu sita. Pochi haikulipiwa.

Mama Pili: Pole baba, hao ndio walewale. Mimi walinifuata bwawani eti nimeingia na dera. Kijana akapiga filimbi kama penati, watu wote wakageuka. Dera langu la Idi! Nikamwambia nivue nibaki na nini? Akatazama juu.

Mtu wa Mtwapa: Nyinyi mna afadhali. Diani tumbili alimnyang'anya mzee wangu mkate wa siagi mkononi. Naenda mapokezi, naambiwa niandike maelezo niweke sahihi. Na tumbili ataweka sahihi wapi?

Kiroboto wa Tandika: Angalau tumbili hakumwambia "Mzee, naomba mkate."

Baba Nasra: Hii chai. Weka picha ya yai.

Binti Makunduchi: Mimi nimekwama hapo bahari iliporudi nyuma. Kaka'angu, hiyo si aibu, ni kupwa. Na siku hizi ni bamvua, mwezi mpevu. Pwani yote hiyo ya mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, asubuhi maji yanatoka mpaka kule karibu na mwamba. Tulia, alasiri yatakufuata mlangoni. Na mkitembea hapo chini tazameni miguu, vile vigingi na kamba ni mashamba ya mwani. Mama zetu wanalima hapo tangu 1989, si mapambo ya hoteli.

Mwenye uzi: Dada, sijauliza habari za mwezi. Naongelea mkono ulionyooshwa. "Mama, naomba mayai" mbele ya wajukuu zake!

Ngosha: Hapana, dada aendelee. Kumbe ndiyo maana! Mimi nililala Jambiani siku mbili, nimelipia bahari nikapewa uwanja wa mpira. Nimetembea kuyatafuta maji mpaka nikakutana na mwenye ngalawa akaniuliza kwani naenda wapi. Kwa nini hawaandiki kwenye matangazo?

Binti Makunduchi: Waandike nini, kwamba mwezi upo? Mtu akitaka kuogelea saa yoyote aende Nungwi au Kendwa, kule maji hayaendi mbali. Gari namba 116 kutoka mjini.

Mama Pili: Nungwi wanaruhusu dera?

Binti Makunduchi: Bi mkubwa, baharini nani atakupigia filimbi? Sisi wenyewe tunaingia na makanga yetu.

Baba Nasra: Nungwi familia ya watu watano bei gani? Mmoja bado ananyonya.

Mtu wa Mtwapa: Tumbili wapo?

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye mada jamani. Yai la pili lilikuwa limepasuka, hata kulirudisha mezani asingeweza, alilichukua la nini kama si kutudhalilisha? Hakuna aliyejibu hilo.

Ngosha: Alikula. Sasa hiyo 116, nauli?

Mwenye uzi: Taarifa mpya, saa kumi na nusu. Maji yamerudi kweli, yako chini ya ngazi. Mama mkwe kaingia na kitenge chake mpaka kiunoni, kashikana mikono na wajukuu, anacheka sijawahi kumsikia anacheka hivyo. Pochi kaniachia mimi. Niliona nzito, nikafungua. Kuna maandazi manne na kijiko cha hoteli. Wakuu, nafanyaje?

Baba Nasra: 116 ya mwisho inaondoka saa ngapi?